Maji ya shamba la mlimani: kisima kirefu, kisima kifupi au chemchemi?

Anayepata shamba mlimani huwa na swali moja la kwanza: tukichimba, tutakuta maji mita ngapi? Hakuna mchimbaji mwaminifu atakayelijibu kwa uhakika kabla ya kuujua mwamba. Mashamba mawili yanayopakana mlimani yanaweza kutofautiana kabisa: huku maji yakapatikana mita 40, kule mtambo ukashuka mita 120 na kutoa vumbi tupu. Ndiyo maana nashauri habari ya kina iwekwe kando kwanza, kalamu ishikwe, na lijibiwe swali jingine: katika mwezi mkavu kuliko yote, nyumba hii itahitaji lita ngapi kwa siku?

Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa ndizo zinazokidhi mahitaji ya msingi. Familia ya watu watano basi inahitaji lita 250 hadi 500. Chukua hizo 500 uzigawe kwa saa 24: unapata takriban lita 21 kwa saa. Yaani chanzo kinachojaza dumu moja la lita 20 kila saa, usiku na mchana, kinaitosha familia nzima mradi maji ya usiku yasipotee. Ukiwa na ng'ombe wa maziwa, ongeza lita 60 na zaidi kwa kila mmoja. Ukitaka kumwagilia, hesabu inageuka kabisa: mita za mraba 1,000 za mboga, zikihitaji milimita 5 kwa siku, zinakunywa lita 5,000, mara kumi ya nyumba nzima.

Wasiopiga hesabu hii huishia kulipia kisima kirefu kuliko walivyohitaji, huku chemchemi ndogo iliyo juu ya nyumba yao ikimwagika bure korongoni. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime anaposoma: mlimani, chemchemi isiyokauka na iliyo juu ya nyumba inakishinda kisima chochote, kisima kirefu kinafuata, na kwa nyumba nyingi tangi kubwa lina faida kuliko mita 50 za ziada za kuchimba.

Mlima unavyoyaweka maji

Watu hudhani kwamba chini ya kila mahali kuna ziwa, kazi ni kulifikia tu. Mlima haujajengwa hivyo. Penye miamba migumu ya aina ya graniti na naisi, jiwe lenyewe halihifadhi maji karibu hata kidogo. Maji hukaa katika sehemu mbili: tabaka la juu la mwamba uliooza, ambalo hunyonya mvua kama sponji na kuiachia polepole, na nyufa zilizo chini yake. Kisima kikikosa ufa ni kikavu, hata kama kisima cha jirani, hatua chache tu kutoka hapo, kinafurika. Tena nyufa hupungua na kubanwa kadiri unavyoshuka, kwa sababu uzito wa mwamba ulio juu huzifinya. Hapo ndipo ilipo sababu ya kutofurahia kila mita inayoongezwa.

Milima ya volkano ina tabia nyingine. Imejengwa kwa matabaka ya lava iliyoganda, majivu na changarawe nyepesi, na maji hupita kati ya tabaka na tabaka. Mara nyingi kuna tabaka la udongo mzito linaloyazuia maji kushuka, nayo yanatembea juu yake mpaka yanapotokeza ubavuni mwa mlima kuwa chemchemi. Mchimbaji asiyekuwa makini anaweza kulitoboa tabaka hilo akitafuta maji mengi zaidi, na yale yaliyokuwa yameshikiliwa yakavujia chini. Kisima kilichotoa maji mita 35 kikawa kikavu mita 70. Kwa hiyo, penye volkano, maji mazuri yakipatikana na kipimo kikakidhi hesabu yako, simamisha mtambo.

Milima ya chokaa nayo ina mapango na mifereji ya chini kwa chini. Maji yake yanaweza kuwa mengi ajabu, lakini hukimbia bila kuchujwa. Chemchemi ya chokaa inayobadilika rangi saa chache baada ya mvua inakueleza kwamba uchafu wa juu unaifikia haraka vilevile.

Juu ya yote hayo kuna umbo la ardhi. Nyumba hujengwa mgongoni mwa mlima kwa ajili ya mandhari na upepo, na mgongo ndio mahali pabaya kuliko pote pa kuchimba, kwa kuwa mvua ikinyesha hapo huteremka pande zote mbili. Pazuri ni penye bonde dogo, shingo kati ya vilima viwili, mguu wa mteremko, au mstari ulionyooka wa korongo, kwani korongo lililonyooka mara nyingi limefuata ufa mkubwa wa mwamba. Picha za setilaiti huionyesha mistari hiyo vizuri. Ni afadhali kuchimba mita 200 kutoka nyumbani na kuvuta bomba kuliko kuchimba mlangoni na kukosa.

Chemchemi dhidi ya kisima

Chemchemi ni maji ambayo mlima wenyewe umekwisha kuyatoa. Hakuna kubahatisha: unayaona, unayapima, unajua. Kisima kirefu, hata kikifanyiwa upimaji wa kitaalamu, kinabaki na sehemu ya bahati. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya viwili hivi, na inapaswa kuwa na uzito kuliko ukubwa wa mtiririko.

Chemchemi ipime hivi. Ziba kwa udongo wa mfinyanzi, elekeza maji yote kwenye kipande cha bomba, kinga kwa ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Hapo una maji ya nyumba kadhaa pamoja na mifugo. Hata ikichukua dakika 6 na sekunde 40, mtiririko ambao wengi wangeudharau, bado ni lita 4,320 kwa siku. Muhimu ni upime mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Kipimo cha msimu wa mvua hakina thamani yoyote katika uamuzi huu. Waulize pia wazee wa eneo: iliwahi kukauka? Katika ukame gani?

Kuijengea ni kazi ya mikono zaidi kuliko mashine. Unafukua kufuata maji mpaka yanapotoka kwenye mwamba au udongo mgumu, unaweka kokoto safi, unajenga ukuta wa kuyakusanya, unafunika kwa udongo wa mfinyanzi na zege, unatoa bomba la kupeleka tangini na jingine la kumwagia yaliyozidi. Juu yake unachimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua na kuweka uzio wa kuzuia mifugo. Usiyainue maji juu ya usawa wake wa asili kwa kujenga ukuta mrefu: yakikutana na shinikizo yanatafuta njia nyingine, na chemchemi inahama. Ukweli huu umewatia hasara wengi waliotaka tu kuongeza kimo kidogo.

Kasoro yake kubwa ni mahali ilipo. Ikiwa juu ya nyumba, maji hushuka yenyewe miaka nenda miaka rudi bila umeme wala mafuta, na kila mita 10 za mwinuko hukupa takriban presha ya baa 1 bombani. Ikiwa chini ya nyumba, kama ilivyo mara nyingi, unahitaji kuyapandisha. Hapo kuna kifaa ambacho watu wa milimani wangestahili kukifahamu zaidi: pampu ya mgoto, inayotumia msukumo wa maji yenyewe yanayoteremka kupandisha sehemu ndogo ya maji hayo juu. Joseph-Michel Montgolfier wa Ufaransa, yuleyule wa puto la hewa moto, aliibuni ikijiendesha yenyewe mwaka 1796, na kanuni yake haijabadilika. Ikiwa una mtiririko wa nusu lita kwa sekunde, maporomoko ya mita 2, na nyumba iko mita 20 juu, pampu yenye ufanisi wa asilimia 60 itafikisha takriban asilimia 6 ya maji hayo. Inasikika kidogo, lakini ni karibu lita 2,600 kwa siku, bila tone la mafuta.

Kasoro ya pili ni ya kibinadamu. Chemchemi ina watu chini yake. Katika nchi nyingi sheria huyahesabu maji kuwa mali ya umma hata yakitokea ndani ya mpaka wako, na kuyachukua yote ni kuwanyima walio bondeni. Pata kibali, zungumza na majirani, acha bomba la ziada litiririke kwenye njia yake ya zamani. Kisima kirefu kina kibali chake pia, ila ugomvi wake huwa hauonekani upesi.

Kisima kifupi na kisima kirefu

Kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mikono hutegemea lile tabaka la juu lililooza. Uzuri wake ni upana. Kisima chenye kipenyo cha mita 1.2 hubeba zaidi ya lita 1,100 katika kila mita ya maji. Kwa hiyo hata chanzo kinachotiririka pole hujijaza usiku na asubuhi kuna akiba. Kisima kirefu chenye kipenyo cha milimita 150 hubeba takriban lita 18 tu kwa mita. Mahali penye udongo mzito usiopitisha maji upesi, kisima kipana na kifupi kinaweza kuihudumia nyumba vizuri kuliko shimo jembamba lenye kina mara tatu.

Lakini mlimani kina mipaka mitatu. Kwanza, usawa wa maji hupanda na kushuka sana kati ya mvua na kiangazi, kwa hiyo kichimbwe mwishoni mwa kiangazi, na baada ya kukuta maji ushuke mita kadhaa zaidi. Pili, ardhi ya mteremko huwa na mawe makubwa yaliyoporomoka zamani, na mchimbaji akikutana na jiwe la ukubwa wa nyumba amefika mwisho. Tatu, na hili nalisema kwa uzito wote, kazi yenyewe inaua. Kuta huporomoka. Hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni au kujaa gesi nzito ya kaboni dioksidi, hasa kwenye milima ya volkano, na anayezimia chini huwavuta na waokoaji wake. Mshumaa unaowaka si uthibitisho wa usalama. Pete za zege zishushwe kadiri shimo linavyoendelea, hewa safi isukumwe chini muda wote, asishuke mtu bila kamba ya kifuani na watu wawili juu, na isitumike kamwe pampu ya mafuta ndani ya shimo. Kama huwezi kuyatimiza haya, usichimbe kwa mikono.

Kuna jambo la kimaumbile linalosahaulika hapa. Pampu iliyowekwa juu ya ardhi na kunyonya maji hutegemea uzito wa hewa. Usawa wa bahari, kinadharia, hewa huweza kuinua maji mita 10.3, kwa vitendo mita 7 hivi. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa imepungua kwa karibu asilimia 20, na kwa vitendo usitegemee zaidi ya mita 5. Pampu iliyofanya kazi vizuri kwa ndugu yako wa pwani inaweza kukataa kabisa kwako, nayo haina ubovu wowote. Kwa kina kinachozidi hapo, tumia pampu inayozama majini.

Kisima kirefu kinavuka tabaka la juu na kuzifikia nyufa za chini, ambazo hazitikiswi sana na kiangazi kimoja kibaya. Maji yake kwa kawaida ni safi zaidi kwa upande wa vimelea. Hizo ndizo sababu mbili halali za kukichagua. Sababu nyingine zinazotajwa, kama vile heshima au kwamba jirani amechimba, zisikupeleke kwenye gharama hiyo.

Ndani ya faida hiyo kuna mvutano unaopaswa kuuelewa kabla mtambo haujafika. Tabaka la juu ndilo mara nyingi lenye maji mengi, na ndilo linalopokea uchafu wa vyoo na mazizi. Ukiweka bomba la kulinda kuta mpaka ndani ya mwamba mgumu na kuziba nje yake kwa saruji, unapata maji salama lakini unayafungia nje yale mengi. Ukiacha bomba lenye matundu juu, unapata wingi na hatari pamoja. Kwa maji ya kunywa, mimi nafunga. Nyufa za mwamba hazichuji kama mchanga unavyochuja; ule umbali wa mita 30 kutoka chooni unaotajwa sana unafaa kwenye udongo mnene, lakini kwenye mwamba wenye nyufa uchafu unaweza kusafiri mbali zaidi. Kisima kiwe juu ya choo na zizi kwa mteremko, yako na ya jirani.

Kisima chenye maji kidogo

Wachimbaji wengi na wateja wengi huiita lita 100 kwa saa kushindwa. Irudie hesabu ya mwanzo: lita 100 kwa saa ni lita 2,400 kwa siku, karibu mara tano ya mahitaji ya familia yetu ya watu watano. Kilichokosekana ni tangi la lita 5,000, pampu ndogo yenye kinga ya kujizima maji yakiisha, na saa ya kuiwasha vipindi vifupi mchana na usiku.

Hatari iko upande wa pili: kisima dhaifu kinachojifanya chenye nguvu. Tuseme kina safu ya maji ya mita 60 katika shimo la milimita 150. Humo mmelala zaidi ya lita 1,000. Pampu ikivuta lita 20 kwa dakika, dakika 50 za kwanza zinaweza kuwa zote ni akiba ya shimo lenyewe. Ukishangilia na kulipa baada ya nusu saa, umelipia maji yaliyokuwemo, hujajua yanayoingia. Dai jaribio la pampu lisilopungua saa kadhaa kwa nyumba moja, na saa 24 ikiwa kisima kitahudumia mifugo mingi au kumwagilia. Kina cha maji kipimwe kila baada ya muda wakati wa kuvuta, kisha kipimwe yanavyopanda pampu ikizimwa. Namna yanavyorudi inasema ukweli kuliko yanavyotoka.

Ikiwa kisima cha mwamba mgumu kimekuwa haba mno, kuna hatua moja ya kujaribu kabla ya kuhamia shimo jipya: kusukuma maji safi kwa presha kubwa ili kuzifungua na kuzisafisha nyufa zilizoziba. Njia hii huweza kukipandisha kisima kutoka hali ya kutofaa hadi kutosha nyumba moja. Usiitegemee kwa kilimo. Kwa kulinganisha na kuongeza kina, naipendelea. Kwenye mwamba mgumu, mashimo mawili ya mita 80 katika sehemu mbili zilizochaguliwa vizuri kwa kawaida huwa na matumaini kuliko shimo moja la mita 160.

Mtambo, barabara na hewa nyepesi

Kwenye mwamba mgumu mtambo unaofaa ni wa nyundo ya hewa: kompresa husukuma hewa ndani ya mabomba, nyundo iliyo chini hugonga na kuzunguka, na hewa hiyohiyo hutoa unga wa jiwe juu. Ni wa haraka, na unaona papo hapo maji yanapoanza. Mtambo wa kuzungusha kwa tope unafaa udongo laini na changarawe, ambako shimo lingebomoka, ila tope lisiposafishwa vizuri huziba njia za maji. Njia ya kale ya kugonga kwa patasi nzito inayoning'inizwa ni ya polepole, lakini isidharauliwe: kwa njia hiyo kisima cha Shenhai huko Zigong, China, kilivuka mita 1,000 mwaka 1835.

Magari ya mitambo mikubwa yana uzito wa makumi ya tani, yanahitaji uwanja tambarare na barabara isiyoteleza. Kabla ya kusaini chochote, mwenye mtambo aje aione njia, madaraja yake na kona zake. Mitambo midogo inayoburutwa hufika penye njia nyembamba, nayo hulipa kwa kina kifupi. Tena injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na kompresa hupokea hewa nyepesi. Mtambo unaoahidi mita 150 tambarare unaweza kuchoka mapema juu ya mlima. Uliza ulikwishachimba mwinuko gani na kwenye mwamba gani.

Ambapo mtambo hauwezi kufika juu lakini ubavu wa mlima uko wazi, kisima cha mlalo ni chaguo la kuzingatia. Shimo huchimbwa likiinuka kidogo kuingia ndani ya mlima mpaka likute tabaka lenye maji, nayo yanatoka yenyewe. Wairani wamechimba mahandaki ya namna hii, qanat, tangu kale, na UNESCO iliorodhesha kumi na moja kati yake kuwa urithi wa dunia mwaka 2016. Kinahitaji vali ya kukifunga, la sivyo kinaumwaga mlima mchana na usiku.

Maji ya mvua nayaweka kama mshirika wa chanzo kingine. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ukitoa upotevu wa asilimia 20, linakupa lita 80,000. Shida ni kuyahifadhi: siku 90 kavu kwa lita 150 kwa siku ni lita 13,500.

Ladha, madini na vimelea

Tofauti hapa ni ya wazi. Chemchemi na visima vifupi vina hatari ya vimelea. Visima virefu vina hatari ya madini. Vimelea unaweza kuviua kwa kuchemsha au klorini. Madini hayaondoki kwa moto; kuchemsha huyazidisha kwa kuwa maji hupungua nayo yanabaki.

Floraidi ndiyo ya kuangaliwa kwanza kwenye milima ya volkano, na pia penye graniti. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita; ikizidi huchora meno ya watoto, na ikizidi sana kwa miaka huharibu mifupa. Maji yenye floraidi hayana harufu wala rangi, kwa hiyo ni kipimo tu kinachoweza kuionyesha. Aseniki, ambayo ni sumu, kikomo chake ni mikrogramu 10 kwa lita; nitreti, itokanayo na mbolea na kinyesi, miligramu 50. Chuma hujitangaza chenyewe kwa madoa mekundu kwenye nguo na sinki. Maji ya graniti mara nyingi ni laini na yenye asidi kidogo, nayo hula mabomba ya chuma. Tumia plastiki inayoruhusiwa kwa maji ya kunywa. Kipimo cha maabara kifanywe kabla ya kununua pampu. Kisima kikiwa na floraidi nyingi na kando kuna chemchemi yenye nafuu, kunywa maji ya chemchemi yaliyotibiwa, na ya kisima yatumie kufulia na kuoshea.

Nguvu ya kupandisha

Kuinua lita 1,000 kwa mita 100 kunahitaji, kwa hesabu tupu, takriban uniti 0.27 za umeme. Kwa upotevu wa pampu na mota, weka 0.7. Nyumba inayotumia lita 500 kwa siku haitaona mzigo mkubwa. Anayemwagilia lita 5,000 kila siku kutoka mita 150 atauona. Kwa nyumba, paneli za sola zinazovuta mchana na kujaza tangi lililo juu huondoa hitaji la betri, kwa sababu tangi ndilo akiba. Penye baridi ya kugandisha, mabomba yafukiwe chini ya kina ambacho baridi hufika.

Kwa shamba lipi, chanzo kipi

Chemchemi isiyokauka iko juu ya nyumba, hata nyembamba: ijengee, weka tangi, usichimbe. Iko chini na ina maporomoko: pampu ya mgoto, au sola ikiwa hakuna maporomoko. Hakuna chemchemi, lakini bondeni kuna majani mabichi kiangazi chote na udongo mwororo: kisima kifupi chenye pete za zege, ikiwa tu usalama unawezekana na vyoo viko mbali chini. Nyumba iko mgongoni, jiwe liko karibu na uso wa ardhi, visima vya majirani vina maji: kisima kirefu, baada ya upimaji wa ardhi kwa umeme uliofanywa na mtaalamu na kulinganishwa na kumbukumbu za visima hivyo. Majirani wamechimba mara kadhaa wakakosa: mvua na tangi kubwa kwanza, kabla ya kutupa akiba yote ardhini. Na wanaozungusha fimbo ya uma kutafuta maji, hata wakiwa watu wema, hawawezi kuchukua nafasi ya vipimo.

Yaandikwe kabla mtambo haujawasha

Bei ya mita ya udongo na ya mwamba ziandikwe kando, pamoja na bei ya bomba la kulinda kuta, kwa sababu hapo ndipo bili huvimba. Andikeni nani ana mamlaka ya kusema "inatosha", katika kina gani mtasimama na kushauriana, na malipo yakoje shimo likiwa kavu. Kipenyo cha ndani kiruhusu pampu ya inchi 4 kukaa bila kubanwa; bomba la milimita 125 au 150 linafaa. Shimo liwe limenyooka, lisafishwe mpaka maji yawe maangavu, mdomo wake uinuke juu ya ardhi na ufungwe kwa kifuniko cha kufuli, na kuzunguka kuwe na sakafu ya zege inayomwaga maji nje.

Kumbukumbu ya uchimbaji ni mali yako, usikubali kuondokewa nayo: aina ya mwamba kila baada ya mita chache, kina ambacho kila ufa ulitoa maji na kiasi chake, kina cha maji yaliyotulia, urefu wa mabomba na mahali yalipo matundu. Fundi atakayekuja kubadilisha pampu miaka ijayo ataihitaji, na jirani atakayetaka kuchimba ataihitaji zaidi.

Shimo lililokosa maji lisiachwe wazi wala kufunikwa kwa jiwe. Lijazwe kuanzia chini kwa changarawe safi na udongo wa mfinyanzi, na mita za juu kwa saruji, gharama yake ikiwa ndani ya mkataba uleule. Shimo wazi mlimani ni tundu la kutumbukia mtoto au mnyama, na ni mfereji unaopeleka maji machafu ya mvua moja kwa moja kwenye nyufa ambazo majirani wa chini wanazinywa.